Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Bustani na Milima Bila Kubahatisha: Mwongozo Kamili

Tafsiri za michoro ya mandhari ambazo huwa natumiwa nisome, karibu zote zinakwama mahali pamoja. Mtu anaona bustani imepangwa na kukatwa sawasawa, nyuma kuna milima, basi sentensi ya kwanza anaandika "bustani inaashiria amani na milima inaashiria changamoto za maisha". Imeisha hapo. Na sentensi hiyo unaweza kuibandika kwa mchoro wowote wa bustani na milima duniani, ndiyo maana haina kazi, haijasema kitu chochote kuhusu huo mchoro ulio mbele yako.

Kuna kitu kimoja nataka ushike kabla hatujaanza. Kwa michoro ya aina hii, maana huwa inakaa pale bustani inapoishia na mlima unapoanzia. Hapo kwa mpaka. Hatua zote za chini zinakupeleka hapo polepole, kwa hivyo usiruke.

Tutafanyia kazi michoro miwili. Wa kwanza ni wa mchoraji Bernardo Bellotto, mji wa Vienna huko Austria ukionekana kutoka kasri la Belvedere, aliuchora kati ya 1759 na 1761, sasa uko Kunsthistorisches Museum hapo hapo Vienna. Wa pili ni ukurasa wa kitabu uliochorwa India karibu mwaka 1590, mfalme Babur akisimamia kazi kwa bustani yake iliyoitwa Bustani ya Uaminifu, na huo uko Victoria and Albert Museum, London.

## Vitu utahitaji

- Picha ya mchoro iliyo safi. Chukua kwa tovuti ya makumbusho yenyewe au Wikimedia Commons, hii ni michoro ya zamani na picha zake kubwa zinapatikana bure. Usitumie ile umeforwadiwa kwa WhatsApp, inabanwa mpaka watu wadogo wanageuka madoa.
- Printi moja ya kala, A4 ni sawa, A3 ni nzuri zaidi. Saiba yoyote mtaani wanatoa.
- Rula, penseli, na karatasi nyembamba ya kufuatishia, ile unaona kilicho chini yake.
- Daftari. Simu weka kando ukishaprinti, ukihitaji kuvuta kitu kikuwe kikubwa ndio uishike tena.
- Nusu saa ya utulivu. Kwa matatu hii kazi haifanyiki.

## Hatua ya 1: Andika unachoona, maana ngoja kwanza

Gawa mchoro mara tatu: chini (karibu na wewe), katikati, na juu (mbali). Kwa kila sehemu andika vitu tu. Njia ya kokoto. Ua uliokatwa (ua wa fensi ya mimea, si ua la kunusa). Watu, wangapi, wanafanya nini, wamevaa aje. Maji yako au hayako. Kuba la kanisa. Kilima. Mawingu.

Kwa nini tunaanza hivi? Kwa sababu ukianza na maana, macho yako yanaanza kutafuta tu vile vitu vinakubaliana na wewe na kuruka vingine. Na mara nyingi kile umeruka ndicho kinabeba mchoro wote.

Chunga maneno kama "mzuri", "tulivu", "wa kupendeza". Hayo si vitu, ni hisia zako, ziandike ukurasa mwingine kama lazima.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ndefu na ndani yake kuna angalau kitu kimoja hukukiona mara ya kwanza. Kwa Bellotto wengi wanakosa kuona kwamba kushoto kuna bustani nyingine ya jirani, hizo ni bustani mbili zimepakana, si moja.

## Hatua ya 2: Tafuta umesimama wapi

Weka ile karatasi nyembamba juu ya printi. Chukua rula na ufuatishe kila mstari ulionyooka wa bustani: kingo za njia, kingo za ua, kuta. Endeleza mistari mpaka ikutane. Pale inakutana, au inaelekea kukutana, ndipo urefu wa macho ya mtu anayeangalia (bustani ikiwa inateremka, macho yako juu kidogo ya hapo). Chora mstari wa kulala hapo.

Hii ndiyo hatua watu wanaidharau sana na ndiyo inatoa majibu mengi. Kwa Bellotto utagundua macho yako yako juu, unaangalia bustani ikishuka mbele yako mpaka kasri la chini, halafu mji, halafu vilima. Huyo anayeona hivyo si mpita njia. Ni mtu amesimama upande wa kasri la juu, mahali pa mwenye nyumba. Mchoraji amekupatia macho ya mwenye mali, na hapo tayari una kitu cha kusema ambacho kimetoka kwa rula, hujakitoa hewani.

Sasa jaribu hiyo rula kwa Babur. Mistari itakataa kukutana. Bustani unaiona kama uko juu yake, watu unawaona kwa upande, na milima ya mawe nyuma imepangwa tu kwenda juu. Tafadhali usiandike kwamba mchoraji hakujua kuchora. Mafundi wa karakana ya mfalme Akbar, mjukuu wa Babur, walikuwa na kanuni yao, kila kitu kinaonyeshwa kutoka upande ambao kinatambulika vizuri. Mgawanyo wa bustani unaonekana vizuri ukiwa juu, uso wa mtu unaonekana vizuri ukiwa mbele yake. Kwa hivyo kwa mchoro kama huu hatuulizi "nimesimama wapi", tunauliza "nini kimepewa nafasi ya kuonekana kamili?" Jibu ni mgawanyo wa bustani, na Babur mwenyewe.

Umefaulu ukiweza kumaliza hii sentensi: "Anayeangalia yuko ___, na hapo ni mahali pa ___."

## Hatua ya 3: Mwanga na majira, na mtego wa watu wa Nairobi

Tafuta vivuli. Vinaanguka upande gani, ni virefu au vifupi.

Mtego ni huu. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, saa sita mchana jua liko juu ya kichwa ama karibu, kivuli kinakuwa kidogo miguuni. Kwa hivyo tukiona kivuli kirefu tunaandika "ni jioni" bila kufikiria. Lakini Vienna iko mbali kaskazini, mwezi wa Desemba saa sita mchana jua linapanda kama digrii 18 tu kutoka kwa upeo, vivuli vinakuwa virefu mchana kabisa. Kivuli kirefu peke yake hakikwambii saa.

Angalia dalili zingine pia. Miti ina majani au ni matawi matupu? Ukiona miti ya michungwa imepandwa kwa masanduku ya mbao, imepangwa foleni nje, hiyo ni miezi ya joto, manake baridi ikiingia ilikuwa inasukumwa ndani ya jumba maalum isife. Pale Versailles, kasri la mfalme wa Ufaransa, jumba la aina hiyo lilijengwa 1684 hadi 1686 kwa ajili ya miti tu. Chungwa ambalo kwetu ni la kumenya barabarani, kwao lilikuwa dalili ya mtu mwenye pesa.

## Hatua ya 4: Soma bustani kama kazi na kama maji

Kazi kwanza. Ua ulionyooka haujinyooshi. Mtu yeyote ana kayaba kwa fensi yake anajua ukiiacha miezi michache tu imevimba kila upande. Sasa chukua hiyo, izidishe mpaka ijaze mteremko mzima, na mashine hakuna, ni makasi ya mkono. Mchoro wa bustani iliyopangwa ni mchoro wa kazi ya watu wengi hata kama hakuna mfanyakazi anayeonekana. Kwa hivyo uliza: wafanyakazi wako wapi? Kwa Bellotto wanaotawala njia ni watu wa matembezi. Kwa Babur ni tofauti kabisa, wenye kufanya kazi wako mbele, kuna wanaonyoosha kamba kupima kitalu na kuna ameshika ubao wa ramani wenye miraba, na mfalme amesimama anaelekeza. Mchoro mmoja umeficha kazi, mwingine umeiweka katikati. Hiyo tofauti peke yake inatosha aya nzima.

Halafu mpangilio. Bustani ya Belvedere ilipangwa na Dominique Girard, aliyefundishwa na André Le Nôtre, yule wa Versailles. Mtindo huo ni mhimili mmoja mrefu katikati, kushoto na kulia vinafanana, na jicho linavutwa moja kwa moja. Ya Babur ni ya kugawa mara nne kwa mifereji, mtindo wa Kiajemi. Msomaji Mwislamu atakumbuka haraka mito ya Peponi kwa Sura ya Muhammad aya ya 15, ya maji, maziwa, mvinyo na asali, na Mkristo atakumbuka mto wa Edeni uliogawanyika mara nne kwa Mwanzo 2. Hapa unaruhusiwa kusema ishara, kwa sababu umeziona hizo sehemu nne kwa mchoro.

Mwisho maji. Hii naipenda kuliko zote. Ukiona chemchemi inaruka juu, uliza nguvu ya kuirusha imetoka wapi. Enzi hizo hakuna pampu ya stima, maji yanaruka kwa sababu yameshuka kutoka mahali pa juu. Pale Villa d'Este, Tivoli, huko Italia, chemchemi zote ziliendeshwa na maji ya mto Aniene yaliyoelekezwa yashuke mteremko. Versailles hawakuwa na bahati hiyo, ikabidi wajenge mtambo pale Marly, 1681 hadi 1684, wenye magurudumu 14 makubwa kuyapandisha maji ya mto Seine. Kwa hivyo mlima ulio nyuma ya bustani mara nyingine si pambo la mandhari, ndio tenki. Sisi wa Nairobi tunafaa kuelewa hii haraka kuliko watu wengi, maji mengi ya mfereji wetu yanashuka kutoka Ndakaini, kwa miteremko ya Aberdare.

Umefaulu ukiwa umejibu maswali matatu: nani anaitunza, imegawanywaje, maji yanatoka upande gani.

## Hatua ya 5: Soma mlima kwa rangi yake na kwa tarehe yake

Simama ghorofa ya juu Upper Hill au Westlands siku haina mawingu, angalia Ngong. Ni ya bluu. Panda mpaka Ngong yenyewe, ni ya kijani na udongo mwekundu kidogo. Mlima haujabadilika, hewa iliyo kati yenu ndiyo inatawanya mwanga wa bluu, na kadiri umbali unaongezeka ndio bluu inaongezeka na kingo zinafifia. Leonardo da Vinci aliandika kuhusu jambo hili kwa daftari zake na wachoraji wakalitumia kama kipimo cha umbali.

Kwa hivyo usiandike "mlima ni wa bluu kuonyesha huzuni". Bluu hapo ni umbali. Kinachofaa kukushtua ni kinyume chake, mlima uko mbali lakini umechorwa mweusi, mkali, kingo zimekatwa kama kisu. Hapo mchoraji amekataa kanuni kwa makusudi na ni lazima uulize kwa nini.

Tarehe nayo ni muhimu kabisa. Ulaya kwa muda mrefu milima mirefu ilionekana kitu cha kuogopesha na kisicho na faida, ni karne ya 18 ndio watu wakaanza kuitafuta kwa raha ya ule utisho wake, mwandishi Edmund Burke akaandika kuhusu hisia hiyo 1757, na Mont Blanc, mlima mrefu kabisa wa Alps, ukapandwa mara ya kwanza 1786. Mlima wa mchoro wa 1600 na mlima wa mchoro wa 1820 haiongei lugha moja.

Onyo moja la kwetu. Mtu amelelewa akijua Kirinyaga (Mlima Kenya) ni makao ya Ngai, yaani Mungu, wazee wanaomba wakiuelekea, atakuja na huo uzito kwa kila mlima anaouona. Ni mali yako, usiutupe, lakini andika wazi kwamba ni wewe unasema hivyo: "mimi nikiuona mlima huu nakumbuka..." Usimwekee mchoraji mdomoni.

## Hatua ya 6: Nenda kwa mpaka

Sasa tumefika. Chukua penseli, weka alama pale mstari wa mwisho ulionyooka unaishia. Ni nini kiko kati ya hapo na mlima? Ukuta? Msitu? Maji? Mji? Ama bustani inaingia tu mlimani bila kizuizi?

Kwa Babur kuna ukuta. Ndani kuna miraba, mifereji, mikomamanga na michungwa, nje kuna mawe makavu. Babur mwenyewe aliandika kwa kumbukumbu zake kwamba bustani hiyo, karibu na Jalalabad ya leo huko Afghanistan, aliipanga kwa mwaka wa 1508 na 1509, na baadaye, mwaka alioiteka Lahore, alileta migomba akaipanda hapo ikafanya vizuri, na miwa pia aliipanda. Yaani ukuta huo unatenga mahali amri ya mtu mmoja inafanya hata ndizi ikubali kumea chini ya milima. Na kumbuka mchoro ulifanywa miaka themanini hivi baadaye, kwa ajili ya mjukuu wake Akbar, Babur alikuwa ameshafariki 1530. Ni mjukuu anaonyesha babu yake akiweka mpangilio juu ya nchi ngumu. Ukishajua hivyo, ile kamba ya kupimia inaonekana tofauti, sindio?

Kwa Bellotto mpaka ni mji wenyewe. Bustani, halafu makuba mawili ya makanisa, moja kila upande, mnara wa Mtakatifu Stefano ukiwa kati, halafu nyuma kabisa vilima vya Kahlenberg na Leopoldsberg, vimefifia, vinaonekana vya upole sana.

Lakini vilima hivyo si vya upole. Mwaka 1683 jeshi la Waosmani (Waturuki) chini ya Kara Mustafa Pasha liliuzingira mji huu karibu miezi miwili, na tarehe 12 Septemba jeshi la kuuokoa, likiongozwa na mfalme Jan Sobieski wa Poland, liliteremka kutoka huko huko Kahlenberg. Kati ya waliopigana siku hiyo kulikuwa na kijana wa miaka 19 anaitwa Eugene wa Savoy. Baadaye akawa jenerali mkubwa, akatajirika, akanunua ardhi nje ya kuta za mji na kujenga Belvedere, kasri la juu likakamilika 1723. Ni yeye ndiye mwenye hii bustani. Alifariki 1736, na 1752 Maria Theresa, mtawala wa Austria, akainunua mali yote.

Rudi sasa kwa kile kiti cha mwenye nyumba ulichokipata na rula hatua ya 2. Anayesimama hapo anaona kwa mpigo mmoja utajiri wake, mji uliookolewa, na mahali pa vita. Huwezi kuyapata haya kwa "milima ni changamoto za maisha".

Onyo: historia kama hii itafute BAADA ya kuangalia. Ukiisoma kwanza utauona mchoro kama picha ya pambo la hadithi. Na pia usidai mchoraji aliwaza 1683 alipokuwa anapaka kilima rangi, hilo hatuwezi kulithibitisha. Sema mtazamaji wa wakati ule aliyeijua historia ya mji angeweza kuviona vilima hivyo kwa namna hiyo. Tofauti ni ndogo lakini mwalimu anayesahihisha anaiona.

## Hatua ya 7: Andika

Kila dai lipe sehemu tatu: naona nini, kwa hivyo nasema nini, na nini kingenifanya nibadilishe mawazo. Hiyo ya tatu ndiyo wengi hawana. Mfano:

"Mistari ya bustani inapelekea macho juu ya mji na kuishia kwa vilima vilivyofifia. Anayeangalia amewekwa mahali pa mwenye kasri, kwa hivyo bustani, mji na vilima vinaonekana kama mali iliyo salama chini ya macho yake. Kama mchoraji angetuweka chini kati ya watu wanaotembea, ua ungetuzuia kuona mji na maana ingekuwa nyingine."

Imetosha. Hakuna neno "inaashiria" hata moja na bado maana iko.

Jaribio la mwisho ni hili: funika jina la mchoro, mpe mtu aya yako pamoja na picha tatu za bustani na milima, achague ni gani unaongelea. Akishindwa, rudi hatua ya 6.

## Mchoro wa kujifanyia mwenyewe

Tafuta michoro ya majumba ya familia ya Medici, watawala wa Florence huko Italia, iliyofanywa na Giusto Utens kati ya 1599 na 1602, imebaki 14 na iko Villa La Petraia, karibu na Florence. Umbo lake ni la nusu duara. Chagua mmoja wenye vilima nyuma, utumie rula kama kawaida, na utagundua kitu cha ajabu hatua ya 2, mahali unapotakiwa kusimama ni hewani. Usikimbilie kuandika "jicho la ndege" ukaacha hapo. Uliza ni nani mwaka 1600 alihitaji kuiona mali yake kutoka mahali hakuna binadamu angeweza kufika, halafu ndio uende kwa mpaka.